Maswali yanayoulizwa sana: bustani, fukwe na sehemu za kupumzikia Mwanza

Haya wadau. Maswali haya yanarudi kila wikiendi, mtu katua kutoka Dar au Dodoma, au kahamishiwa kazi huku, cha kwanza anauliza wapi pa kupumzika na cha pili anauliza bei. Nimeona niyajibu yote sehemu moja. Mimi ni mkazi tu, naishi Ilemela, kwahiyo haya ni majibu ya mtu wa mtaani siyo ya ofisi, na bei sijaweka makusudi maana zinapanda na kushuka nikiziandika leo mtanilaumu kesho.

Mwanza kuna bustani ya umma ya maana, yaani ile unaingia bure unakaa kwenye nyasi?

Ndogo ndogo zipo, kubwa hakuna. Sensa ya 2022 ilihesabu Nyamagana na Ilemela kwa pamoja watu zaidi ya milioni 1.1, na wote hao wanagombania vibustani vya pembeni ya barabara, maua ya kwenye kiplefti, na viwanja vya vumbi vya kuhesabika. Ndo ukweli. Ila usikate tamaa mapema, huu mji ni wa mawe na maji, na sehemu nyingi watu wanazopumzikia hazina geti wala bango. Unakuta ni mwamba wenye kivuli nyuma ya nyumba za watu, mwembe wa kijiwe cha kahawa, au kipande cha ufukwe ambacho bado hakijazungushiwa ukuta. Mgeni anapita hapo hapo kila siku hajui kama ndo penyewe.

Pale Jiwe la Bismarck wanalipisha?

Kuliangalia hawalipishi, lipo majini karibu na kivuko cha Kamanga, unaliona hata ukiwa barabarani. Jina ni la yule kansela wa Ujerumani, limebaki tangu enzi za Wajerumani. Nenda saa kumi na moja jioni kuendelea, mchana pale jua linachoma na mawe yanarudisha joto usoni. Wapiga picha wapo, watakuita "bosi" au "dada mrembo" kabla hujafika, kubaliana bei kwanza kabla hajabonyeza kamera.

Saanane ni nini hasa? Ni zoo au ni hifadhi?

Sasa hivi ni Hifadhi ya Taifa kamili chini ya TANAPA, ila ilianza kama zoo mwaka 1964, na ndo ilikua ya kwanza Tanzania. Jina la kisiwa linatokana na Mzee Saanane Chawandi, aliyekua anaishi na kufanya shughuli zake humo kabla serikali haijakichukua. Mwaka 1991 ikawa pori la akiba, na 2013 ikapandishwa kuwa hifadhi ya taifa. Katikati hapo wanyama wengi walihamishiwa kisiwa cha Rubondo, ndio maana wazee wa mjini wakikusimulia Saanane ya zamani unaona kama wanaongelea sehemu nyingine kabisa.

Ukubwa wake ni kilometa za mraba 2.18 pamoja na visiwa vidogo na maji yanayoizunguka. Serengeti ina kilometa za mraba 14,763. Kwahiyo usije na matarajio ya Serengeti alafu ukaanza kulalamika kwamba umemaliza hifadhi kabla ya chakula cha mchana, hiyo ndo raha yake yenyewe, unaizunguka kwa miguu yako na watoto hawachoki.

Kufika ni rahisi mno. Nenda Kapripoint ofisi za TANAPA, bajaji kutoka mjini ni dakika chache hata kwa mguu unafika, unalipia, unapewa boti, unavuka chini ya robo saa. Malipo ni ya kiserikali, kwahiyo andaa hela kwenye simu usiende na noti mkononi ukategemea kila kitu kitamalizika pale. Mtanzania analipa kidogo kuliko mgeni wa nje, beba kitambulisho. Na vaa raba, sio ndala, maana njia nyingi zinapita juu ya miamba.

Tutaona wanyama gani?

Swala pala wapo wanazurura tu, pundamilia, tumbili, kima wale wa De Brazza wenye ndevu nyeupe (hao ni waoga, mwendee taratibu), kenge wakubwa pembeni ya maji, na pimbi kila mahali. Simba ukimkuta ni wa kwenye banda, hazururi, mama watoto atulie.

Ila mimi nikimpeleka mtu Saanane nampeleka kwa ajili ya mawe na vitu vidogo. Angalia ile michirizi myeupe inayoshuka kwenye miamba, watu wengi wanadhani ni chokaa au ni kinyesi cha ndege. Ule ni mkojo wa pimbi, wanakojoa sehemu moja vizazi na vizazi mpaka jiwe linabadilika rangi. Ukishaujua huo mchirizi, inua macho juu yake kidogo kwenye ufa, utaona vichwa vinakuchungulia.

Yule mjusi mwekundu na bluu ni wa sumu? Watoto wanamuogopa

Hana sumu, muacheni. Huyo ni dume la mjusi wa miamba, kichwa na mabega mekundu, kuanzia mgongoni kushuka ni bluu. Jina lake la kisayansi ni Agama mwanzae, yaani mji wetu uko kwenye vitabu vya sayansi kwasababu ya mjusi. Jike ni la kahawia tu, wala hulioni mpaka liruke. Dume akiwa juu ya jiwe lake anapiga pushapu, juu chini juu chini, anawaambia wengine hapa pana mwenyewe. Hauna haja ya kwenda Saanane kumuona, yuko Isamilo, Bugando, Kapripoint, yuko kwenye ukuta wa jirani yako. Watoto wanaompiga mawe waambieni waache, hachomi mtu na anakula wadudu bure.

Wapi pa kukimbia asubuhi?

Barabara ya Kapripoint, hakuna mjadala. Kivuli, magari machache, ziwa pembeni, na kuna kilima cha kukutoa jasho. Jumamosi asubuhi utakutana na vikundi vya jogingi na nyimbo zao, jiunge tu hakuna atakaekuuliza unatoka klabu gani. Ukiwa unakaa Nyegezi au Luchelele nenda zile barabara za Malimbe kuelekea chuoni, pako wazi ila kuwa macho na bodaboda.

Beach ya bure ipo? Kila ninapoenda naambiwa nilipe kiingilio au ninunue kinywaji

Hili ndo swali linaloniuma, ngoja nilijibu kwa kirefu.

Ukienda upande wa Ilemela kuelekea Igombe kuna fukwe nyingi, lakini sehemu kubwa ya zile nzuri zimeshakua za hoteli na baa. Unaingia kwa kulipia au kwa kununua, na sio dhambi, mtu kaweka viti, kafagia, kaweka choo, lazima arudishe hela yake. Tatizo linakuja pale ukuta unaposhuka mpaka kwenye maji yenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu, au zile zinazoweza kuharibu mazingira ya pale, ndani ya mita 60 kutoka kwenye ziwa, mto na vyanzo vingine vya maji. Mita 60 ni zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira. Sasa nenda kwenye fukwe za mjini ukahesabu hatua zako kutoka kwenye maji mpaka ukuta wa kwanza, alafu ujijibu mwenyewe.

Kuna siku nilikua natembea pembeni ya maji na wanangu, tuko kwenye mchanga uliolowa, akatokea mlinzi wa sehemu moja (jina nalihifadhi) akatuambia tupite juu barabarani kwasababu hapo ni ndani. Ndani ya nini? Tulikua tumelowa miguu. Hakua mkali, alikua anatekeleza alichoambiwa, nikamuuliza ndani inaanzia wapi akaangalia ziwa akacheka.

Na ziwa lenyewe lina majibu yake. Mwaka 2020 na 2024 maji yalipanda sana, fukwe nyingi mchanga ukamezwa kabisa, banda za watu zikawa zinaogelea. Wale waliojenga mbali na maji hawakuhangaika.

Kwahiyo ya bure ipo wapi? Pale wavuvi wanapopaki mitumbwi. Kila kitongoji cha ziwani kina sehemu yake, Igombe, Luchelele, kule Sweya, watu wanafua, wanaanika dagaa, watoto wanacheza. Ukifika salimia kwanza, nunua hata samaki mmoja kwa kina mama, ukikaa kwenye mtumbwi wa mtu omba. Ukiwa na adabu hakuna atakaekufukuza. Ila harufu ya dagaa uikubali.

Naweza kuogelea ziwani bila wasiwasi?

Bila wasiwasi, hapana. Kuna vitu viwili.

Cha kwanza kichocho. Huku pembezoni mwa ziwa kipo sana, hasa kile cha tumbo, ndio maana ukienda kupima wanakuomba choo na sio mkojo tu. Vimelea vinaishi kwa konokono wadogo wa majini, wakitoka humo wanatafuta ngozi ya mtu na wanapenya bila wewe kusikia kitu. Hauna haja ya kuyanywa maji, hata kunawa miguu inatosha. Sehemu mbaya zaidi ni yale maji yaliyotulia yenye matete na magugu, karibu na watu wanapojisaidia, na mchana jua likiwa kali ndo vinatoka kwa wingi. Ukiwa umeshaogelea usikimbilie kupima kesho yake, vinachukua wiki kadhaa mpaka mayai yaonekane, nenda baada ya mwezi na nusu hivi. Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli, dozi inategemea uzito wako, kunywa umekula.

Cha pili ni mamba na kiboko. Mjini katikati ni nadra, ila ukienda upande wa Sengerema na Buchosa hizo stori sio za kutungwa. Kanuni ni moja, waulize wenyeji wanaogelea wapi, wakisema hapo hatuogi usiulize kwanini, hamia kwingine.

Mimi wanangu wakitaka kuogelea nawapeleka kwenye swimingi puli nalipia.

Pa kuchezea watoto?

Bembea za umma ni chache. Viwanja vya Furahisha pale Kirumba ni pakubwa na ni wazi, ila ni uwanja wa kila kitu, leo mkutano wa siasa, kesho injili, keshokutwa tamasha, kwahiyo ukienda na mtoto na baiskeli yake unaweza kukuta spika zimejaa. Siku ya kawaida jioni panafaa. Nyamhongolo viwanja vya Nane Nane navyo vina nafasi nje ya msimu wa maonyesho. Uwanja wa shule ya msingi ya mtaani kwenu ndo bora zaidi kama mwalimu mkuu ni mtu wa watu, ongeeni nae.

Mawe yapi mazuri kupanda kuangalia jua likizama, na usalama ukoje?

Isamilo juu na milima ya nyuma ya Bugando, unaona mji wote na ziwa. Huko Isamilo ndiko yule Mwingereza Speke alisimama tarehe 3 Agosti 1858 akaliona ziwa, pale kwenye mnara wa saa mjini wameandika kabisa kwamba aligundua. Aligundua ziwa ambalo babu zetu walikua wanavua samaki humo, sawa bwana.

Usalama: usiende peke yako, usibaki giza likiingia, simu mfukoni. Mwambie mtoto wa hapo mtaani awaongoze, mpe hela ya soda, ndo ulinzi tosha. Mvua ikianza kunyesha shuka haraka. Miamba ikilowa inateleza vibaya na ukanda wa ziwa una radi nyingi kupita kawaida, wewe uliesimama juu ya jiwe ndo mrefu kuliko wote.

Mbona mawe yanapasuliwa? Si ndo utambulisho wa mji?

Ndio, na yanapasuliwa kila siku. Nenda pembezoni mwa mji utaona wanavyofanya. Wanawasha moto juu ya mwamba, matairi na magogo, mpaka jiwe linapata moto kabisa linaanza kubanduka matabaka, unabaki na doa jeusi na kidonda cheupe katikati. Yale mapande yanashushwa kwa kina mama wanaokaa chini ya turubai, kila mmoja ana nyundo na kipete cha mpira wa tairi anachozungushia jiwe lisimrukie machoni, anagonga mpaka inakua kokoto za ndoo. Hiyo kokoto ndo imejenga nyumba yako na yangu. Miamba hii ina umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili, na inaisha kwa ndoo.

Sitaki kumlaumu mama anaetafuta ada ya mtoto. Ninachosema ni kwamba kwenye mji usiokua na bustani, vilima vya mawe ndo vingepaswa kuchorwa kwenye ramani kama maeneo ya kulindwa, hasa vile vilivyo katikati ya makazi. Jiwe ukishalipasua huwezi kulipanda tena kama mti.

Eneo la wazi mtaani kwetu mtu kaanza kumwaga mchanga na mawe, tufanyeje?

Harakisheni, msisubiri msingi uinuke. Ikishakua nyumba kila ofisi itakuonea huruma ila haitabomoa.

Hatua ya kwanza sio kelele, ni mchoro. Kila mtaa uliopimwa una mchoro wa mipango miji (maofisa wanauita TP) unaoonyesha viwanja, barabara, shule, na maeneo ya wazi. Uko kwa afisa mipango miji wa halmashauri, Jiji kama uko Nyamagana, Manispaa kama uko Ilemela. Nendeni watu kadhaa na mwenyekiti wa mtaa wenu, ombeni kuuona. Kama pameandikwa eneo la wazi, basi kubadilisha matumizi yake lazima kupitie mamlaka ya mipango kwa mujibu wa Sheria ya Mipango Miji ya 2007, haibadilishwi kwa mtu kununua kwa mtu. Na mwenyekiti wa mtaa hana mamlaka ya kugawa kiwanja, kwahiyo ile karatasi yenye muhuri wa mtaa sio hati.

Baada ya hapo andikeni barua fupi, nakala kwa mtendaji wa kata, mkurugenzi na mkuu wa wilaya, mgongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu. Bila muhuri hamjaandika kitu. Kama ni ufukweni au kwenye mto, ongezeni NEMC (baraza la taifa la mazingira), wana ofisi ya kanda hapa hapa Mwanza.

Kwetu ilitokea. Asubuhi moja tulikuta lori limemwaga mchanga na mawe ya msingi katikati ya uwanja wa watoto, katikati kabisa, pale wanapoanzishia mpira. Wanaume wakaanza kupiga simu kwa watu wanaowajua. Kina mama wa kikoba wakaenda ardhi. Walirudi na picha ya mchoro kwenye simu, eneo limepakwa kijani, wakaionyesha kwa kila aliepita, na siku hazikua nyingi lori likarudi likabeba mchanga wake. Mawe hayakubebwa, sasa hivi ndo viti vya akiba.

Tunataka kupanda miti mtaani, mti gani na lini?

Lini kwanza, maana ndo watu wengi wanapokosea. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni 1 Aprili, viongozi wanakuja, picha zinapigwa. Ila huku kwetu mvua inakata mwezi wa tano kuelekea wa sita na kiangazi kinaenda mpaka wa tisa, mche uliopanda Aprili unakutana na jua bila mizizi. Panda mwishoni mwa mwezi wa kumi au wa kumi na moja mvua zikianza, unapata miezi kama sita ya maji ya bure.

Mti gani: mwembe na mfenesi kama pana udongo wa kina, mwarobaini kama ni kokoto tupu, mjohoro ukitaka kivuli cha haraka. Sehemu za miamba mkuyu unajua wenyewe kupenyeza mizizi kwenye nyufa, ila uweke mbali na nyumba na mabomba. Mikaratusi tafadhali hapana kwenye kiwanja kidogo. Na kila mche uwe na mwenyewe kwa jina, "huu wa Mama Neema, huu wa bodaboda", mche wa wote ni mche wa mbuzi.

Nibebe nini? Na vyoo?

Vyoo vya umma ni vichache, jipange kabla hujatoka. Maji ya kunywa, kofia, na cha kutafuna, matobolwa (viazi vitamu vya kuchemsha vilivyokaushwa) na karanga vinakaa siku nzima haviharibiki kama chipsi. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, beba kikapu. Mabaki yako rudi nayo nyumbani, hususani Saanane, tumbili akishazoea kula chakula cha watu anageuka mwizi na anang'ata.

Picha za harusi na droni?

Harusi kwenye fukwe za hoteli wana bei yao, Saanane ulizia ofisi ya Kapripoint mapema, sehemu za wazi nenda tu. Droni ni habari nyingine, lazima usajili na vibali, anzia mamlaka ya usafiri wa anga, usirushe kwanza ukaja kuomba ushauri ukiwa kituoni.

Nina siku moja ya ziada, nitoke nje ya mji niende wapi?

Bujora, Kisesa, njia ya Musoma, daladala zinafika. Ni makumbusho ya Wasukuma, yalianzishwa na padri David Clement, pako juu ya miamba na pana miti na utulivu kuliko bustani yoyote ya mjini. Ukiweza nenda mwezi wa sita kwenye tamasha la Bulabo, vikundi vya Wagika na Wagalu wakishindana ngoma, nyoka nao wamo.

Rubondo ni nzuri sana, hifadhi tangu 1977, msitu, sokwe walioletwa miaka ya 60, ila siku moja haitoshi usijidanganye. Barabara imerahisika tangu daraja la Kigongo hadi Busisi lifunguliwe Juni 2025, zile foleni za kivuko zimeisha, lakini ukifika upande wa pili bado kuna mwendo na bado kuna boti. Panga siku mbili au tatu, na ulizia boti kabla hujaondoka Mwanza.